Kofia ya Penehuro

Habari ya mimba ya Fetuao haikutangazwa na Fetuao. Ilitangazwa na tui la nazi. Ilikuwa Jumamosi, wanawake wa kijiji cha Malaetolu wameketi wakifunga majani machanga ya magimbi yaliyojazwa tui, tayari kwa tanuri la mawe la kesho, na Fetuao, ambaye tangu utotoni alikuwa analamba kijiko hadi kinang'aa, alinusa mara moja, akashika mdomo, akatimua mbio nyuma ya banda la kuku.

Wanawake wakatazamana. Kisiwa kizima cha Savaii hakina mtu mwenye akili zake anayekimbia tui. Aliporudi akijifuta kwa pindo la lavalava yake, shuka ya kiunoni, shangazi yake Saineta alikuwa ameshaweka kisu chini.

"Nani?" akauliza Shangazi.

"Nani nini, Shangazi?"

"Fetuao, mimi nimezaa saba. Usinichezee. Nani?"

Fetuao akawatazama kuku. Kuku hawakumsaidia.

"Penehuro," akasema.

Wanawake wakashusha pumzi kwa pamoja, na katika pumzi ile mlikuwa na masikitiko, na kidogo mlikuwa na wivu. Penehuro ndiye aliyeongoza sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa. Alikuwa na shingo nene kama shina la mshelisheli, na akiimba wimbo wa mazishi hata mtu asiyemjua marehemu alitafuta kitambaa.

"Basi mtoto atajua kuimba," akasema bibi mmoja, akaendelea kufunga majani.

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua, na hapo ndipo Fetuao alipoanza kuchemka. Yeye akipita njiani, watu walimwonea huruma ile ya kumtazama mtu tumboni badala ya usoni. "Maskini, na alivyokuwa anaimba vizuri," walisema, kana kwamba mimba imeingia kooni. Penehuro akipita, walimpiga mgongoni. Vijana wa raga walimbeba juu juu wakazunguka naye uwanja mzima, na mmoja akamwomba ushauri.

Tusimwonee lakini. Penehuro hakukana. Alipoulizwa alijibu kabla swali halijaisha. "Ni yangu!" akasema, kwa sauti ileile anayoimbia Krismasi, mithili ya mtu anayepokea kombe. Jamaa zake wakaja kwa kina Fetuao na nguruwe na mkeka mzuri, wakainama kuomba radhi, wakapokewa, nguruwe akaliwa. Baina ya familia mbili mambo yakaisha. Kuhusu ndoa, Penehuro alisema anafikiria. Fetuao alisema yeye bado hajaanza kufikiria.

Likabaki kanisa.

Kanisani Malaetolu wanawake huvaa kofia nyeupe zilizosukwa kwa majani ya mkadi. Mwanamke anayepata mimba kabla ya ndoa huvuliwa kofia yake mbele ya watu wote, kisha hukaa mwaka mzima kwenye benchi la mlangoni, pale mbwa wanapolala, bila kuimba kwaya. Hiyo ndiyo sheria. Kuhusu mwanaume, sheria haikumlaani wala haikumsamehe. Haikumtaja tu, kwa sababu hakuwa na kofia.

"Siombi kusamehewa," Fetuao alimwambia Shangazi Saineta. "Nikikaa mlangoni, nitakaa. Lakini sikai peke yangu. Huyu mtoto sikumwokota ufukweni."

"Umesema," Shangazi akajibu, akajitia manukato. Akijitia manukato siku ya kazi, watu wenye busara hutoka njiani.

Wazee wa kanisa walikutana nyumbani kwa Mzee Tuitama, mwenyekiti wao. Nyumba yenyewe haina kuta, ni nguzo na paa, kwa hiyo kikao cha siri cha Malaetolu husikilizwa na kijiji kizima kikiwa kinajifanya kinafagia. Fetuao alikuwa jikoni kwa jirani, anakuna nazi ileile moja tangu kikao kianze. Saineta aliketi ndani kwa haki ya mwenyekiti wa kamati ya wanawake.

"Jumapili Fetuao atavuliwa kofia," akasema Mzee Tuitama. "Hilo limekwisha. Tuje kwenye bati linalovuja."

"Na Penehuro?" akauliza Saineta.

"Penehuro amefanya nini?"

"Mzee Tuitama, unataka nikueleze hapa, mbele ya mchungaji, Penehuro amefanya nini?"

Mchungaji akapaliwa na kava, kinywaji cha mizizi kinachonywewa vikaoni. Waliokuwa wanafagia nje wakaacha kufagia.

"Dada yangu, sheria ni kofia," akasema Tuitama kwa upole wa mtu aliyeshika mpini. "Mwanaume hana kofia. Sasa tumvue nini? Nguo?"

"Siku hiyo mimi nawahi mapema!" ikasema sauti ya bibi mmoja kutoka kwenye majani ya migomba.

"Kwa hiyo tatizo ni kofia tu," akasema Saineta. "Mwanaume mwenye kosa hili angekuwa na kofia kichwani, mngemvua?"

"Angekuwa nayo?" Tuitama akacheka hadi tumbo likacheka nalo. "Mwanaume yeyote! Ningemvua kwa mikono yangu hii miwili na kumpeleka mlangoni mwenyewe! Leteni kofia mwone!"

Akainua kifuu chake cha kava, akakinywa chote, akakiweka chini kuonyesha kwamba mjadala umefungwa.

Hapo ndipo alipojimaliza. Malaetolu, neno lililosemwa kabla ya kifuu linaweza kubishaniwa, kurekebishwa, hata kukanwa. Lakini neno ambalo kava imelifuata kooni halirudi tena. Mzee Tuitama alilijua hilo kuliko wote. Alionekana akichungulia ndani ya kifuu kitupu, kama mtu anayetafuta kama neno lake limebaki chini.

"Kofia italetwa," akasema Saineta, akaondoka akiacha harufu ya manukato.

Kamati ya wanawake ikaketi kusuka, na papo hapo ikakwama. Kofia ya kawaida ingekaa juu ya kichwa cha Penehuro kama kizibo cha soda. Ilibidi apimwe. Akatumwa Fetuao na ukanda mrefu wa jani la mkadi.

Alimkuta kwenye bomba nyuma ya uwanja, ametoka mazoezini, anajimwagia maji.

"Sivai," akasema Penehuro kabla hata ya salamu. "Nimeshasikia. Sivai, Fetu. Mimi ni mtu wa mstari wa mbele."

"Mstari wa mbele wa nini?"

"Wa raga!"

"Hata kwenye jambo hili hukukaa nyuma. Inamisha kichwa."

"Watanicheka! Kijiji cha pili watatunga wimbo."

"Na mimi wananitandikia zulia? Nikienda dukani, kila bibi ananitazama tumbo kama anatazama saa. Wewe wanakubeba mabegani. Nguruwe wa kwenu tumemla, sikatai, alikuwa mtamu. Lakini nguruwe hakai mlangoni mwaka mzima badala yako."

"Sasa kosa langu liko wapi kama mimba iko kwako? Mimi sikuipanga. Imetokea tu."

"Imetokea tu kama mvua?"

"Nimesema vibaya."

"Jioni ile kwenye banda la mitumbwi uliniambia, 'Tuko pamoja, Fetu.' Ulisema au hukusema?"

Penehuro akakamua maji kwenye nywele zake kwa muda mrefu kuliko nywele zilivyohitaji.

"Nilisema."

"Basi sikukuuliza kama ni pamoja bandani tu, kisha nje kila mtu na lake."

Penehuro akafunga bomba. Kisha akainamisha kichwa kidogo, lakini hakuweza kuacha kujivuna. "Kichwa changu ni kikubwa," akasema. "Nakuonya mapema."

"Najua. Hicho ndicho kinachonitia hofu ya siku ya kujifungua."

Alizungusha ukanda. Ukaisha kabla kichwa hakijaisha. Ilibidi aunge na mwingine.

"Umepima tu," akasema Penehuro akijinyoosha. "Sijakubali."

"Sijakuuliza," akasema Fetuao, akaondoka. Lakini njia nzima alikuwa anauma mdomo, kwa sababu kofia inaweza kusukwa na wanawake wote wa Savaii, na mwenye kichwa asitokee.

Jumapili kofia ilikuwa tayari. Haijawahi kusukwa kubwa hivyo. Mwanamke mmoja alijikinga nayo mvua ya asubuhi pamoja na watoto wake, wote wakafika wakavu. Shangazi Saineta aliifunga utepe mweupe, na pembeni akachomeka ua jekundu, akisema kwamba adhabu si sababu ya mtu kutoka hovyo.

Wimbo wa kwanza ukaimbwa. Penehuro hayupo. Fetuao alikuwa bado kwenye nafasi yake, mbele ya sauti ya kwanza, akiimba kwa mara ya mwisho kabla ya mwaka wa mbwa. Kila akivuta pumzi alitazama mlango. Yaliyokuwa mlangoni ni benchi na mbwa watatu, na mmoja wao alikuwa anajikuna kama anayemwandalia nafasi. Sala ikasomwa. Penehuro hayupo. Mzee Tuitama akaanza kung'aa usoni.

Kisha akaingia. Koti jeupe, lavalava nyeupe ya mifuko, nywele zimelowa mafuta ya nazi, uso wa mtu anayeingia uwanjani kucheza na timu inayomzidi uzito. Hakutazama kushoto wala kulia. Alitembea hadi mbele, akapiga magoti, sakafu ikalalamika.

Shangazi Saineta akamvika kofia.

Watu walikuwa wamejiandaa kucheka, na wengine walikuwa wameshafungua midomo, lakini jambo hili hakuna aliyelitarajia: kofia ilimkaa. Ukingo ulimfunika jicho moja vizuri, ua likamwangukia shavuni.

"Jamani," akanong'ona mama mchungaji. "Imempendeza."

"Kuliko mimi," akasema bibi wa pembeni yake, akavua yake kuichunguza kasoro.

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, kikagonga bati, kikarudi. Mchungaji aliingiza uso ndani ya Biblia, mabega yakawa yanatikisika, na waliokaa nyuma wakadhani analilia dhambi za kijiji.

Mzee Tuitama akasimama kufanya kazi yake. Kofia ya Fetuao ilitoka kirahisi. Upepo ukamgusa nywele, na ghafla kicheko kikamwisha kifuani. Ya Penehuro haikutoka. Wanawake walikuwa wamesuka kwa kipimo, na kipimo kilikuwa sahihi mno. Tuitama akavuta, kichwa kikaja nayo. Akaweka mguu kwenye ngazi ya madhabahu, akavuta tena, na Penehuro, mtu wa mstari wa mbele, kwa mazoea tu akasukuma. Mzee akarudi nyuma hadi kwenye kinanda. Ilibidi mashemasi wawili wamshike kijana mabega ndipo kofia ikachomoka kwa mlio.

"Sheria imetimia," akasema Tuitama akihema. "Fetuao, benchi la mlangoni, mwaka mmoja. Na Penehuro…" Akageuka kuitazama kwaya. Akaliona pengo katika sauti ya tatu. Akalikumbuka tamasha la kwaya za kisiwa, na kijiji cha pili kilichowashinda mwaka uliopita na kuwazomea hadi kwenye lori. "Na Penehuro, kwa kuwa ni mara yake ya kwanza kuvaa kofia, atakaa mlangoni ubeti mmoja, kisha arudi kwenye nafasi yake."

Fetuao alikuwa ameshaanza kutembea. Akasimama.

"Hata mimi ni mara yangu ya kwanza kupata mimba!" akasema, kwa sauti iliyofundishwa kufika kiti cha mwisho, nayo ikafika.

"Binti, nyamaza."

Akamtazama Penehuro. Angemwambia neno, lakini aliuona kwanza ule wekundu ukipanda kutoka kwenye kola. Aliujua wekundu ule. Humpanda refa anapowapa wapinzani mpira ambao si wao.

"Ubeti mmoja?" akauliza Penehuro.

"Ubeti mmoja, mwanangu," akasema Tuitama, akidhani anashukuriwa.

"Yeye mwaka, mimi ubeti?"

"Kosa lako ni dogo."

"Dogo!" Madirisha yakatikisika. "Nani amekwambia dogo, Mzee? Ulikuwepo? Unasimama mbele ya mama yangu na timu yangu yote kuwaambia kwamba mimi nilifanya kidogo? Kwamba yeye alifanya kazi ya mwaka mzima, na mimi ya ubeti mmoja?"

"Sikusema hivyo…"

"Umesema! Mimi nilishiriki kikamilifu! Kama yeye ni mwaka, mimi ni mwaka. Na isipungue hata siku moja!"

Upande wa vijana wa raga ukasimama na kushangilia, mama yake Penehuro akajificha chini ya kofia yake, na mwalimu wa kwaya, aliyeelewa sasa kwamba amepoteza sauti ya kwanza na ya tatu kwa mpigo, akajiangusha akaketi juu ya kinanda, kikatoa mngurumo. Kwa Fetuao, sehemu kubwa ya maneno yale ilikuwa majivuno, na alilijua hilo vizuri. Hakujali. Angalau safari hii majivuno yalikuwa yanamwendea upande wake.

"Lakini tamasha!" akalia Tuitama. "Kwaya itaimba na nani?"

Ajabu ni kwamba swali hilo halikuwa limemjia mtu yeyote kichwani wiki nzima, hadi alipoondoka mwanaume.

"Haya, wote wawili ubeti mmoja!" akapanda dau Mzee. "Beti mbili! Beti mbili kila mmoja, na wimbo mfupi!"

"Tuitama."

Aliyesema ni Lupe, mke wake, kutoka safu ya pili. Katika kanisa lile hakuna aliyewahi kumsikia Lupe akisema kitu zaidi ya amina.

"Mimi nilikaa mwaka," akasema. "Mvua ya mwaka ule ilikuwa inaingia mlangoni. Mbona beti hazikuwepo?"

"Lupe, mke wangu, hayo ni mambo ya zamani."

"Mambo ya zamani yale pale yamekaa." Akamwonyesha mwana wao mkubwa, Faauuga, mwanaume mwenye kitambi chake na watoto wake, naye akajaribu kuingia chini ya kiti. "Nilikuwa na huyu tumboni, kwenye benchi lile. Na wewe ulikuwa hapo hapo ulipo, unaongoza wimbo. Tena ulikuwa unaukosea."

Akatoka kwenye safu, akapita katikati ya kanisa taratibu kama bibi harusi, akavua kofia yake nyeupe, akaiweka juu ya kichwa cha Mzee Tuitama. Akairekebisha kidogo upande wa kulia.

"Sasa unayo," akasema. "Ulisema mwanaume yeyote. Na ulikunywa."

Tuitama akamtazama mchungaji. Mchungaji akawa anatafuta kitu muhimu katika kitabu cha Hesabu. Mzee akainua mikono yake ile miwili, akajivua kofia mwenyewe, akajipeleka mlangoni mwenyewe, kama alivyoahidi.

Kisha akasimama mwanamke mwingine. Na mwingine. Hakuna aliyepiga kelele. Kofia zilivuka tu kutoka upande wa wanawake kwenda upande wa wanaume kama ndege weupe wanaohama, na kila ilipotua, mzee mmoja alikumbuka jambo. Mweka hazina alitaka kueleza kwamba yeye alioa upesi. "Upesi baada ya nini?" mkewe akamuuliza, akamsukumia kofia hadi masikioni. Shemasi mmoja alijaribu kutokea dirishani, akakwama kwenye lavalava yake, akavishwa huku miguu iko ndani na kichwa kiko nje. Walimzungukia nje ili wamvishe.

Benchi likajaa. Mbwa walivumilia kwa muda, kisha wakaona heshima imezidi, wakaondoka, na mkubwa wao akapita hadi mbele akalala kwenye kiti cha mwenyekiti.

Fetuao akafika mlangoni bila kofia, tayari kuanza mwaka wake.

"Sogeeni," akasema.

"Hakuna nafasi, binti yangu," akajibu Mzee Tuitama, aliyebanwa kati ya mweka hazina na kijana wa ngoma. Alisema kwa adabu nyingi ambazo wiki nzima hakuwa nazo. "Tumejaa kweli."

Kila mtu akamgeukia mchungaji. Mchungaji akafunga Biblia, akafuta macho.

"Fetuao," akasema, "mlangoni hakuna pa kukaa. Rudi mbele."

"Na mwaka wake?" akauliza shemasi wa dirishani, akiwa bado dirishani.

"Atakaa nafasi ikipatikana," akajibu Shangazi Saineta. "Lakini awasubiri wakubwa wamalize. Wengine miaka yenu imelala muda mrefu."

Fetuao akarudi mbele, kichwa wazi, na wanawake wengi waliosimama nyuma yake nao vichwa wazi. Akageuka kukitazama kile alichobakiwa nacho kama kwaya: sauti za juu zote kwenye nafasi zake, na sauti za chini zote zimebanana kule mlangoni kama magimbi kikapuni. Katikati yao Penehuro, aliyekwenda kuanza mwaka wake, alikuwa anasukuma kwa viwiko. Alimsogeza Mzee Tuitama upande huu, akamsogeza mweka hazina upande ule, hadi ikapatikana nafasi finyu ya mtu mmoja mwembamba. Akaipigapiga kwa kiganja, akimwita kwa nyusi aje akae naye.

Fetuao akatikisa kichwa. Akamnyooshea kidole abaki hapo hapo alipo, akavuta pumzi, akampa sauti ya kuanzia.